Bwawa la chumvi likigeuka kijani: jinsi ya kuua mwani na kuirudisha klorini kwenye kiwango chake

Unafika bwawani asubuhi unakuta maji yamegeuka rangi ya majani mabichi. Taa ya mashine ya klorini inawaka kama jana, kipimo cha chumvi kinasoma vizuri, pampu inanguruma. Kila kifaa kinadai mambo ni shwari isipokuwa maji yenyewe. Yaamini maji. Taa ile inakueleza kwamba umeme unapita kwenye seli, sehemu ya mashine inayotengeneza klorini. Klorini iliyobaki bwawani baada ya jua, majani na jasho la waogeleaji kuchukua sehemu yao, taa haiijui.

Mwani haustawi kwenye bwawa lenye klorini ya kutosha. Chembe zake huingia kila siku kwa upepo, kwa mvua na kwa nguo za kuogelea, na hufa kabla hazijazaana. Ukiona kijani, ujue kuna siku klorini ilishuka mno na hakuna aliyegundua. Kwa hiyo una kazi mbili: kuua mwani uliopo, kisha kutafuta mwanya ulioupitisha. Anayefanya ya kwanza akaiacha ya pili atakuwa na maji ya kijani tena baada ya wiki chache.

Kabla ya lolote, funga lango la bwawa na uwaambie wote nyumbani kwamba hakuna kuogelea. Sababu si uchafu peke yake. Maji yakiwa na ukungu hata huoni sakafu kwenye kina kirefu, mtu akizama hapo hataonekana. Hili silifanyii mjadala, hata kama mwenye kuomba ni mtu mzima anayejua kuogelea.

Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini

Wengi huuziwa mfumo wa chumvi wakidhani wameachana na klorini. Hawajaachana nayo, wameanza kuitengenezea nyumbani. Chumvi iliyoyeyuka hupita kati ya mabamba ya titani ndani ya seli, umeme huivunja, na klorini huzaliwa papo hapo. Mashine nyingi hutaka chumvi kati ya 2,700 na 3,400 ppm (ppm moja ni sawa na miligramu moja kwa lita). Hiyo ni chini ya sehemu ya kumi ya chumvi ya bahari, ambayo hukaribia 35,000.

Udhaifu wa mashine hii ni kwamba huzalisha polepole. Inafaa kulinda bwawa safi, lakini haiwezi kuliokoa lililokwisha kuharibika. Nitaonyesha kwa hesabu mbele kidogo. Kwa sasa shika hili: kitufe cha dozi kubwa kwenye mashine hakitakuondolea mwani, kitachakaza seli tu.

Jua ujazo, kisha pima

Zidisha urefu kwa upana kwa kina cha wastani, vyote kwa mita, upate mita za ujazo. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1.1 upande mmoja na 1.9 upande wa pili, lina kina cha wastani cha 1.5, yaani mita za ujazo 48, au lita 48,000. Nitatumia bwawa hili kwa mifano yote. Kama lako ni la duara, zidisha nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina.

Pima vitu vinne: klorini huru (ile ambayo bado haijaungana na uchafu), pH (kipimo cha uchachu wa maji), alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), na asidi ya sianuriki. Hii ya mwisho wauzaji huiita kiimarishi cha klorini, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Maji ya kupima yachote kiwiko kizima chini ya uso, mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye mashine, kwa sababu pale utapima klorini iliyotoka kwenye seli sasa hivi.

Karatasi za kuchovya zinatosha kwa uangalizi wa kawaida, si kwa kazi hii. Tafuta kipimo cha matone, hasa kile unachoweka unga, maji yakawa ya waridi, kisha unahesabu matone mpaka rangi ipotee. Kinasoma klorini ya juu bila kudanganya. Vile vya kulinganisha rangi vina mtego uliowahi kunipotezea siku tatu: niliweka tone, maji ndani ya kichupa yakameta waridi kwa kufumba na kufumbua, yakarudi meupe. Nikasoma sifuri, nikaongeza dawa, nikapima tena, sifuri. Kumbe klorini ilikuwa nyingi hata ikawa inababua rangi ya kipimo. Ukiona mwako huo wa waridi unaotoweka, changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu tatu za maji ya chupa yasiyo na klorini, pima, kisha zidisha jibu kwa nne.

Asidi ya sianuriki hupimwa kwa kumimina mchanganyiko kwenye kichupa hadi doti nyeusi iliyo chini isionekane. Fanya hivyo nje mchana, jua likiwa mgongoni na kichupa kikiwa kwenye kivuli cha mwili wako, tena kwa maji yasiyo baridi sana. Maji baridi hupotosha jibu.

Asidi ya sianuriki ndiyo inayopanga dozi

Klorini isiyo na kinga huteketea juani. Nusu yake huweza kwenda ndani ya saa moja. Asidi ya sianuriki huikumbatia isiunguzwe. Ila klorini iliyokumbatiwa haipigani kwa nguvu zake zote. Asidi hiyo ikiwa nyingi, klorini ile ile inayosomeka kwenye kichupa inakuwa goigoi. Ndiyo maana mtu anapima 3 ppm, anaridhika, na mwani unaendelea kumea mbele ya macho yake. Klorini ya 3 ppm kwenye maji yenye asidi ya sianuriki 30 ni askari wa kutosha. Kwenye maji yenye 100 haifui dafu.

Kanuni inayotumiwa na watunza mabwawa wengi ni hii: kwa kuua mwani, pandisha klorini huru hadi asilimia 40 ya asidi ya sianuriki, uishikilie hapo. Kwa siku za kawaida kwenye bwawa la chumvi, isishuke chini ya asilimia 5.

| Asidi ya sianuriki (ppm) | Klorini ya kuulia mwani (ppm) |
|---|---|
| 30 | 12 |
| 50 | 20 |
| 70 | 28 |
| 80 | 32 |

Ikiwa asidi ya sianuriki yako imepita 90, usihangaike kulipiga dozi bwawa lote. Hakuna dawa ya kawaida ya kuiondoa. Njia ya uhakika ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Ukibadilisha nusu ya maji, inashuka kwa nusu, pamoja na chumvi. Lakini usikaushe bwawa lote bila kumuuliza fundi anayeijua ardhi yenu, kwa kuwa maji yaliyo chini ya udongo yanaweza kulisukuma bwawa tupu juu na kulipasua. Badilisha kwa awamu.

Na hapa ndipo vidonge vya klorini vinapoleta shida. Vidonge vingi vya kuyeyuka taratibu vimetengenezwa na asidi ya sianuriki ndani yake: kila 10 ppm ya klorini unayoongeza kwa vidonge huacha karibu 6 ppm ya asidi hiyo, na haitoki. Msimu mmoja wa vidonge unatosha kuifanya mashine yako ionekane imeharibika, kumbe maji ndiyo yaliyolemewa.

Safisha kwanza

Opoa majani kwa wavu, hata yale usiyoyaona: buruza wavu taratibu sakafuni. Kila jani linalooza ni klorini unayolipia bure. Zima seli lakini acha pampu, na pampu iende saa 24 mpaka kazi iishe.

Kisha shusha pH hadi 7.2. Fanya sasa, maana klorini ikipita 10 ppm kipimo cha pH hakiaminiki tena. Tumia tindikali ya bwawa kidogo kidogo: kwa lita 48,000 anza na robo lita, imimine mbele ya tundu la maji yanayorudi pampu ikiwa inafanya kazi, subiri saa nzima, pima tena, ongeza ikibidi. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho.

Tindikali na klorini zisikutane kamwe, si kwenye ndoo, si kwenye kikombe cha kupimia kilichosuuzwa kwa haraka, si kwenye rafu moja. Zikikutana hutoa gesi inayounguza mapafu. Klorini ya unga na vidonge navyo visichanganywe vikiwa vikavu, kwani vinaweza kuwaka moto. Kila dawa iwe na kikombe chake.

Piga dozi, kisha ishikilie

Tuseme bwawa letu la mfano lina asidi ya sianuriki 50 na klorini sifuri. Lengo ni 20 ppm. Gramu 20 kwa kila mita ya ujazo, mara 48, ni gramu 960 za klorini. Ukitumia klorini ya maji ya asilimia 10, kila lita ina takriban gramu 100, hivyo unahitaji lita 9.6. Ukitumia ya unga ya asilimia 65, ni kilo moja na nusu. Sasa linganisha na mashine inayozalisha gramu 20 kwa saa: ingehitaji saa 48 bila kupumzika kufikisha kiasi hicho, hapo tukiwa tumejifanya kwamba jua na mwani haviili hata gramu moja. Ndiyo hesabu niliyokuahidi.

Mimi hupendelea ya maji. Ya unga huongeza kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayojenga chokaa kwenye mabamba ya seli. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu klorini ya maji iliyokaa miezi kwenye joto imepoteza nguvu na hesabu yako haitatimia.

Mimina jioni, jua likishapoa, mbele ya tundu la maji yanayorudi. Kisha shika brashi. Kupiga brashi si urembo: mwani hujifunika kwa utelezi ambao klorini huupenya kwa shida, na brashi ndiyo inayouvunja. Sugua kuta zote kuanzia juu kwenda chini, halafu uende kule brashi isikofika yenyewe: nyuma ya vidato vya ngazi, mdomo wa skima (tundu la ukutani linalonasa majani yanayoelea), chini ya kifuniko cha skima, pembe za ngazi za zege, kuzunguka fremu ya taa (umeme ukiwa umezimwa). Pitisha kidole nyuma ya kidato cha ngazi. Kikiteleza, hujamaliza.

Pima baada ya saa moja. Usishangae ikiwa 20 imekuwa 9. Ni ishara kwamba klorini inafanya kazi. Irudishe 20. Siku ya kwanza pima na kujazia kila baada ya saa mbili au tatu kadiri unavyoweza, siku zinazofuata asubuhi, adhuhuri na jioni. Hapa ndipo wengi huteleza: wanamwaga dozi moja kubwa Jumamosi, inaliwa yote kufikia Jumapili, mwani uliosalia unazaana upya, na Jumamosi ijayo wanaanza mwanzo. Klorini iliyoshikiliwa juu kwa siku tatu mfululizo huua kuliko dozi tatu kubwa zilizoachana kwa wiki.

Kijani kitafifia, kitakuwa kijivujivu, kisha maji yatakuwa na ukungu mweupe wa buluu. Ukungu huo ni mwani uliokufa, na kuutoa ni kazi ya chujio. Weka akilini shinikizo la chujio likiwa safi. Likipanda kwa robo, mfano kutoka baa 0.8 hadi 1.0, osha chujio. Usilioshe kila saa, maana chujio la mchanga lenye uchafu kidogo huchuja vizuri zaidi. Masimbi yaliyotuama sakafuni yafyonze moja kwa moja kwenda nje badala ya kuyapitisha kwenye chujio, kisha rudishia maji.

Dawa za kuua mwani zenye shaba sizipendekezi kabisa. Shaba haitoki bwawani, hutia madoa ukutani na huzipa nywele nyeupe rangi ya kijani. Ikiwa uliwahi kuzitumia na maji yakawa ya kijani lakini angavu, unaona hadi sakafu, huo huenda si mwani bali ni shaba, na klorini haitakusaidia.

Utajuaje umemaliza

Kwa mambo matatu, yote kwa pamoja. Maji ni maangavu. Klorini iliyoungana na uchafu (tofauti kati ya klorini yote na klorini huru) haizidi 0.5 ppm. Na la tatu, kipimo cha usiku: pima klorini huru jua likishazama, seli ikiwa imezimwa, kisha pima tena alfajiri kabla jua halijagusa maji. Usiku hakuna jua la kulaumiwa. Ikiwa imepotea zaidi ya 1 ppm, kuna kitu kilicho hai kinachoila, hata kama maji yanang'aa. Endelea.

Kipimo cha usiku kikigoma kupita kwa siku nyingi, tafuta maficho: kidoli kilichoelea wiki nzima, hosi ya kifyonzi, kifuniko cha bwawa, boriti ya ngazi iliyo tupu ndani. Unga wa manjano unaojikusanya upande wenye kivuli, ukiusugua unatoweka na kesho umerudi, ni mwani wa manjano. Huo, baada ya kufaulu kipimo cha usiku, upandishie klorini hadi asilimia 60 ya asidi ya sianuriki kwa saa 24. Madoa meusi yaliyong'ang'ania kwenye plasta yana kichwa kigumu. Yakwangue kwa brashi ya waya kwanza. Brashi hiyo isiguse bwawa la plastiki wala la faiba.

Wakati ukisubiri, fungua seli

Zima umeme na pampu, fungua seli, itazame kwenye mwanga. Mabamba safi ni ya kijivu, na unaona mwanga kupitia katikati yake. Ukiona ganda jeupe kama lile la ndani ya birika, umepata mwanya ulioupitisha mwani: chokaa imefunika mabamba na uzalishaji umeshuka kimyakimya. Loweka kwa sehemu moja ya tindikali kwa sehemu nne za maji, kwa dakika zisizozidi 10 au 15, hadi mapovu yaishe. Tanguliza maji kwenye ndoo ndipo umimine tindikali, usifanye kinyume. Usikwangue kwa bisibisi. Tabaka la thamani juu ya bamba ni jembamba sana. Na usioshe seli isiyo na chokaa, kwa kuwa kila uoshaji hupunguza umri wake.

Pima chumvi kwa kipimo cha pembeni, si kwa kusoma mashine peke yake, maana seli iliyochoka husoma chumvi pungufu hata kama imejaa. Ikiwa imepungua kweli, gramu 100 kwa mita ya ujazo hupandisha 100 ppm. Kutoka 2,600 hadi 3,200 kwenye bwawa letu ni takriban kilo 29. Tumia chumvi safi isiyo na madini joto. Maji yakiwa baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, mashine nyingi hupunguza au huacha kuzalisha, na hapo itakubidi uweke klorini ya maji kwa mkono.

Kuiwasha tena

Acha jua liishushe klorini yenyewe. Ikishuka chini ya kiwango cha kuulia mwani, sakafu ikionekana wazi na pH ikiwa kati ya 7.2 na 7.8, lango linaweza kufunguliwa. Sasa ndipo upandishe asidi ya sianuriki hadi 60 au 80, kiwango kinachoifaa mashine ya chumvi; ndiyo sababu ya kutoiongeza mapema, ungelazimika kutumia klorini nyingi zaidi. Gramu 1 kwa mita ya ujazo hupandisha 1 ppm. Itie kwenye soksi, ining'inize mbele ya maji yanayorudi na uikamue mara kwa mara. Itachukua siku kadhaa kuyeyuka.

Kupanga saa za mashine ni hesabu. Bwawa la nje hupoteza takriban 2 hadi 4 ppm kwa siku. Chukua 3: mara 48 ni gramu 144. Mashine ya gramu 20 kwa saa, pampu ikienda saa 12, inahitaji kuwekwa asilimia 60. Anza hapo, pima kila jioni kwa wiki moja, sogeza asilimia tano tano hadi klorini itulie karibu 4 au 5 ppm.

pH itapanda yenyewe, kwa sababu mapovu ya hidrojeni kutoka kwenye seli hufukuza kaboni dioksidi majini. Ukiiona ikipanda kila baada ya siku mbili, punguza alkalini hadi 60 au 80 kwa kuendelea na tindikali bila kuirudishia, na upandaji utapungua kasi. Irudishe 7.6 kila inapogusa 7.8, kwani pH ya juu ndiyo inayoipa chokaa nafasi ya kuganda tena kwenye mabamba.

Baada ya hapo pima klorini na pH mara mbili kwa wiki, chumvi na asidi ya sianuriki mara moja kwa mwezi, na vyote vinne baada ya mvua kubwa iliyofurisha bwawa, kwa kuwa maji yaliyomwagika yaliondoka na chumvi na kinga ya klorini kwa pamoja.